UZI: Kunasa hewa ukaa kupitia mifumo ya hewa ya majengo. Tuipigie hesabu kabla ya kuishangilia

Upepo Mwanana:

Wakuu, salaam.

Wazo hili huibuka kila mara kwenye mijadala ya tabianchi: majengo makubwa tayari yana mafeni yanayovuta na kusukuma hewa mchana kutwa, basi kwa nini tusiweke humo machujio yanayonasa hewa ukaa (kabonidioksidi), kila ghorofa refu liwe mtambo wa kusafisha anga? Linavutia kwa sababu feni imeshanunuliwa, mifereji ya hewa imeshajengwa, na umeme wa kuizungusha unalipwa na mwenye jengo. Kuna wanaolisambaza kana kwamba tatizo limekwisha, na kuna wanaolicheka tu. Naona pande zote mbili zinaruka hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiye na muda aishie hapa: teknolojia hii ina kazi, lakini kazi yake ya kwanza ni kupunguza gharama ya kupoza au kupasha joto jengo. Tani za hewa ukaa ni nyongeza. Anayekuuzia kinyume chake, mwulize umeme wake unatoka wapi.

Tuanze na hewa yenyewe. Kabla ya zama za viwanda hewa ya nje ilikuwa na hewa ukaa kama 280 ppm, yaani sehemu 280 katika milioni. Charles David Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama 315. Leo tumepita 420. Kwa tabianchi ni nyingi mno, ila kwa mtambo wa kunasa ni kiduchu: mita moja ya ujazo ya hewa ya nje ina takriban gramu 0.77 tu za hewa ukaa. Ukitaka tani moja, unapitisha mita za ujazo kama milioni 1.3, tena uwe umenasa yote iliyomo. Ukinasa nusu, zidisha hewa mara mbili.

Ndani ya jengo hali ni tofauti kwa sababu yetu sisi. Pumzi tunayotoa ina hewa ukaa kama asilimia 4, yaani ppm 40,000. Ofisi inayoingiza hewa vizuri hukaa kati ya 600 na 1,000, na chumba cha mkutano kilichofungwa madirisha hupita 2,000 bila taabu. Hapo watetezi hushangilia: ndani imekolea mara mbili, kwa hiyo kazi ya kuinasa ni nusu!

Hiyo ni kweli upande mmoja tu. Hewa ya kupitisha inapungua kwa nusu, sawa. Lakini nishati ya chini kabisa ambayo fizikia inaidai ili kuitenga hewa ukaa na gesi nyingine hufuata logi (logarithimu) ya mkolezo, haifuati mkolezo wenyewe: mkolezo ukipanda sana, nishati hupungua kidogo tu. Kwa 420 ppm ni karibu kilojuli 19 kwa moli (gramu 44 za hewa ukaa). Kwa 1,000 ppm ni karibu 17. Umeongeza mkolezo zaidi ya mara mbili, ukaokoa kama sehemu moja ya tisa.

Na mitambo halisi iko mbali na kiwango hicho cha chini, ambacho kwa tani ni kama uniti 120 (kwenye uzi huu uniti ni ile ile ya umeme, kilowati moja kwa saa moja). Mitambo ya vifyonzaji vikavu (vitu vigumu vinavyoishika hewa ukaa) iliyopo leo hula kama uniti 2,000 za joto na mia kadhaa za umeme kwa kila tani. Kinachokula hivyo ni kukitapisha kifyonzaji, yaani kukifanya kiachie kilichoshika. Chujio limepakwa kemikali za jamii ya amini, hewa inapita, hewa ukaa inashikwa. Likishajaa unalifunga, unalipasha mpaka karibu nyuzi 100, mara nyingine unavuta na hewa yote iliyobaki, ndipo linaachia hewa ukaa iliyokolea. Unalipoza, unaanza upya. Joto lile linahitajika hata kama ulinasa kwenye ppm 420 au 1,000, na sehemu yake kubwa huishia kupasha chujio lenyewe na kufukuza maji yaliyoingia pamoja na hewa ukaa.

Sasa jengo la mfano. Ofisi ya watu 500. Mtu wa kazi ya mezani hutoa kama gramu 34 za hewa ukaa kwa saa. Mpe lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde, na hewa inayotoka itakuwa na kama 940 ppm. Nasa nusu ya kilichomo, saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Unapata kama kilo 62 kwa kila mtu. Jengo zima, tani 31 kwa mwaka.

Wakala wa mazingira wa Marekani hukadiria gari la kawaida la abiria la kule kuwa hutoa kama tani 4.6 kwa mwaka. Kwa hiyo jengo la watu 500 limefuta magari saba hivi. Si bure, lakini kale kamchoro ka ghorofa linalosafisha jiji zima kaweke pembeni.

Halafu umeme. Tukisema joto na umeme vyote vinatoka kwenye gridi kwa uniti 2,500 kwa tani, tani 31 zinadai uniti 77,500. Umeme wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa uniti: umetoa tani 77 ili unase 31! Umeme wa gesi asilia kwenye mtambo mzuri ni kama kilo 0.4: umetoa 31, umenasa 31, mmetoka sare na fundi umemlipa. Faida inaanza chini ya hapo, kwenye maji, jua, upepo, jotoardhi au nyuklia.

Karibuni mpinge.

---

Spana Kumi na Tatu:

Mkuu uzi umeenda shule. Mimi ni mtu wa viyoyozi na mifereji, niongeze la kwetu: hiyo feni "ya bure" si ya bure.

Kila unachoweka mbele ya hewa kinaleta ukinzani. Tuseme chujio lako linaongeza paskali 100 (paskali ni kipimo cha shinikizo) na feni ina ufanisi wa asilimia 50. Kwa hewa ya 940 ppm na kunasa nusu, hiyo ni kama uniti 65 kwa tani. Ukilinganisha na 2,500 zako unaweza kuona ndogo. Lakini vifyonzaji vinavyonasa vizuri huwa vinene, na ukifika paskali 500 unaongelea uniti 325. Na kuna jambo ambalo uniti haziliambii: mota ya feni iliyopo ilichaguliwa kwa mfumo uliopo. Ukibana njia, hewa inayofika vyumbani inapungua, na kabla hujanasa kilo moja watu wa ghorofa ya mwisho wameshaanza kupiga simu.

Lingine ni vihisi. Majengo mengi ya kisasa huongoza hewa ya nje kwa kupima hewa ukaa: ikipanda, mfumo unajua watu ni wengi, unafungua zaidi. Ukianza kuinyonya ndani, kihisi kinaona namba ndogo, kinaamini ukumbi ni mtupu, kinafunga hewa ya nje. Watu 200 wamo ndani wanatoka jasho.

---

Upepo Mwanana:

Spana, hilo la vihisi ndilo kiini cha mambo, acha nilikazie kwa sababu linagusa faida kuu ninayoitetea.

Ukipoza jengo kwenye joto na unyevu, hewa ya nje ndiyo mzigo mkubwa. Kila mita ya ujazo unayoingiza lazima ipozwe na ikaushwe, na baada ya dakika chache unaitupa nje. Kwenye baridi kali ni vivyo hivyo kinyumenyume. Ukiweza kuondoa hewa ukaa ndani kwa ndani, unazungusha tena sehemu kubwa ya hewa iliyokwisha kupozwa na kuingiza kidogo ya nje. Akiba hiyo unaiona kwenye bili mwezi huo huo, bila kusubiri soko la kaboni, yaani watu wakulipe kwa tani ulizoondoa.

Tatizo ni kwamba hewa ukaa haikuwahi kuwa mhalifu pekee. Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Ujerumani, mwaka 1858, aliitumia kama kipimo cha uchafu mwingine utokanao na watu, na kile kikomo cha 1,000 ppm tunachokisikia hadi leo kinatokana naye. Ukiiondoa yenyewe ukaacha harufu, mivuke ya rangi, gundi na samani, pamoja na virusi, umechomoa taa ya onyo huku injini inaendelea kuchemka. Mwenye kutaka kupunguza hewa ya nje lazima aweke pia chujio zuri la vumbi laini na kaboni hai (mkaa maalumu unaofyonza) kwa mivuke, na apime hivyo vitu kivyake.

Kuhusu kama hewa ukaa yenyewe kwa viwango vya ofisini inafifisha akili, utafiti unapishana. Wa Harvard wa 2016 ulikuta alama za maamuzi zikishuka kwenye 1,000 hadi 1,400 ppm. Wa 2018 kwa wanamaji wa nyambizi haukuona athari hata kwenye 15,000. Mimi siuzi teknolojia hii kwa hoja ya akili.

---

Kijukuu cha Newton:

Swali la mwanafunzi. Pumzi yetu inatokana na chakula, chakula kinatokana na mimea, mimea ilichukua hewa ukaa angani. Si ni mzunguko uliofungwa? Sasa kuna maana gani kunasa pumzi?

---

Upepo Mwanana:

Swali zuri. Ndiyo, kupumua hakuongezi hewa ukaa angani kwa hesabu ya mzunguko. Lakini ukiikamata ikiwa njiani kurudi, ukaizika, angani inapungua kweli, sawa kabisa na ukiikamata ile ya nje. Ukiikamata kisha ikaachiwa tena, iwe kwenye soda au kwenye mafuta ya ndege yaliyotengenezwa nayo, hujapunguza kitu. Umechelewesha tu, au kwa bahati nzuri umechukua nafasi ya mafuta ya kisukuku.

---

Ghorofa ya Saba:

Kwa hiyo ofisini tupumue sana tuongeze mapato? 😂

Ila kwa uzito: si nyambizi na vyombo vya anga vinafanya hili miaka yote? Kama kule linawezekana, kwa nini huku tunalalamika uniti?

---

Bi Maabara:

Naomba nimjibu Ghorofa, hapa ndipo kwangu.

Kule hawahesabu tani wala faida, wanahesabu uhai. Nyambizi hutumia monoethanolamini, ambayo ni ya ukoo huo huo wa amini. Kituo cha Kimataifa cha Anga hutumia zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana), na pamoja na mashine yote hiyo hewa yao huwa na maelfu ya ppm, mara kadhaa ya ofisi yoyote nzuri. Wanaanga wa Apollo 13, safari ya mwezini iliyopata ajali mwaka 1970, walitegemea makopo ya lithiamu haidroksaidi, ambayo yakishajaa hayarudi. Ndiyo maana ilibidi waunganishe makopo ya mraba ya chombo kimoja kwenye mfumo wa makopo ya duara wa chombo kingine, kwa vitu walivyokuwa navyo mkononi. Unapolipia uhai, hakuna anayekuuliza gharama kwa tani.

Kwenye jengo nina wasiwasi na mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi kwa sauti.

La kwanza, amini huzeeka. Joto na oksijeni huzivunja polepole, na mabaki yake yanaweza kuwa amonia na mivuke mingine yenye harufu. Mtambo ukiwa nje uwanjani, upepo unachukua. Ukiwa ndani ya mfereji unaowapelekea watu hewa, mapua ya watu ndiyo yatakuwa vihisi. Ningependelea chujio liwekwe upande wa hewa inayotoka jengoni, lakini basi ile akiba ya kuzungusha hewa anayoitetea Upepo inapotea. Chagueni.

La pili, unaiweka wapi baada ya kuinasa? Tani 31 kwa mwaka ni kama kilo 124 kwa siku ya kazi, yaani mitungi minne ya kilo 30 kila siku. Mingi huishia ghorofa ya chini ya ardhi. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa, hujaza shimo kimya kimya. Kikomo cha kazini ni 5,000 ppm kwa wastani wa saa 8, na 40,000 huhesabiwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Mtungi mmoja wa kilo 30 ukiachia wote kwenye chumba cha mita za ujazo 100 kisichoingiza hewa, umefika karibu asilimia 15. Kwa hiyo king'ora na feni ya dharura ni lazima, na hizo nazo zinakula pesa.

---

Upepo Mwanana:

Bi Maabara umenisaidia sana. Sasa niguse wale waliolifikiria jambo hili kwa uzito.

Mwaka 2019 Roland Dittmeyer wa Karlsruhe, Ujerumani, na Geoffrey Ozin wa Toronto na wenzao walichapisha pendekezo kwenye Nature Communications: viyoyozi vya majengo vinase hewa ukaa na unyevu, umeme wa jua au upepo utoe haidrojeni, na hapo hapo jengoni vitengenezwe vimiminika vya mafuta. Mfano wao ulikuwa jengo la Messeturm la Frankfurt, wakakadiria tani 1.5 za hewa ukaa kwa saa na hadi tani 4,000 za mafuta kwa mwaka.

Hesabu ya kaboni inakubali: tani 1.5 kwa saa mwaka mzima ni kama 13,000, na kaboni yake inatosha tani 4,000 na ushee za mafuta. Mimi nakwama kwenye hewa. Kwa hewa ya nje unahitaji karibu mita za ujazo milioni 2 kila saa, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, bila kuacha kitu. Na kilo moja ya mafuta ya aina hiyo hudai kama kilo 0.43 za haidrojeni, ambayo kuitoa kwenye maji ni zaidi ya uniti 20. Kilo hiyo ya mafuta inabeba uniti 12. Kwa ndege naelewa, kwa kuwa betri hazijaweza safari ndefu. Kuchoma mafuta hayo kwenye jenereta ya jengo lile lile ni kujichosha.

Ufini kampuni ya Soletair Power imeshafunga vifaa vya kunasa kwenye mifumo ya hewa ya majengo, kwa hiyo si ndoto za karatasini tena. Ila linganisha na waliochagua njia ya uwanjani: kampuni ya Climeworks ilifungua mtambo wa Orca huko Iceland mwaka 2021 kwa uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka kwenye makaratasi, kisha Mammoth mwaka 2024 kwa tani 36,000. Kule wana jotoardhi, na gesi huyeyushwa kwenye maji na kusukumwa kwenye mwamba wa basalti, ambamo jaribio la Carbfix lilionyesha zaidi ya asilimia 95 ikigeuka jiwe ndani ya miaka 2. Kufikia Orca moja unahitaji majengo 130 kama la mfano wetu, na lori la kuzungukia mitungi yote. Mimi jambo hilo la lori linanisumbua kuliko kemia.

---

Kijukuu cha Newton:

Na yale machujio mapya ya Chuo Kikuu cha Chicago? Nilisoma 2025 kwamba ni nyuzi nano za kaboni zilizopakwa polietilenimini (nayo ni ya jamii ya amini), chujio unaliweka mahali pa chujio la kawaida, halafu linatapishwa kwa jua au umeme. Si ndiyo jibu?

---

Upepo Mwanana:

Kipande cha jibu. Uzuri wake ni kwamba nyuzi nyembamba hazibani hewa kama tabaka nene la chembechembe, kwa hiyo malalamiko ya Spana yanapungua. Na jua likikupa joto, uniti 2,000 zinatoka kwenye bili.

Lakini fikiria ujazo. Kilo moja ya kifyonzaji cha amini, kwa hewa ya kawaida, hubeba kama gramu 40 hadi 90 za hewa ukaa kisha imejaa. Jengo letu linanasa kilo 124 kwa siku. Ukitapisha mara moja tu kwa siku, unahitaji kati ya tani 1.4 na 3.1 za kifyonzaji ndani ya mifereji. Anayewazia kubadilisha chujio kila miezi mitatu kama la vumbi afahamu kwamba lake litajaa kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza, na siku zote zilizobaki litakuwa limekaa tu. Kutapisha lazima kufanyike pale pale jengoni, mara nyingi kwa siku.

Ndiyo maana ninachokifuatilia zaidi ni joto la kutapishia. Mwaka 2024 kundi la Omar Yaghi kule Berkeley (huyu ndiye aliyeshiriki Nobel ya kemia 2025) walionyesha COF-999, kifyonzaji kipya kinachoachia kwenye nyuzi kama 60. Kiyoyozi chenyewe hutupa joto juu ya paa kila siku, la nyuzi 40 hadi 50. Pampu ya joto ikilipandisha hadi 60, kazi ni ndogo. Hata kwa nyuzi 100, pampu inayotoa sehemu 3 za joto kwa 1 ya umeme inashusha zile 2,000 hadi kama 670. Jumla inakuwa kama uniti 1,200 kwa tani, na kwa umeme wa gesi unabaki na nusu tani safi kwa kila tani uliyonasa. Hapo tunaanza kuongea.

---

Spana Kumi na Tatu:

Hapo sasa. Ila mimi nikikabidhiwa jengo kesho, la kwanza naweka gurudumu la kubadilishana joto kati ya hewa inayotoka na inayoingia. Linarudisha asilimia 60 hadi 80 ya nishati, halina kemikali wala mtungi, na nusu ya akiba unayoahidi imeshachukuliwa nalo. Chujio lako likija baada ya gurudumu, hoja ya bili inakonda.

---

Upepo Mwanana:

Nakubali, na anayefanya upembuzi yakinifu bila kulinganisha na gurudumu anamdanganya mteja. Panapobaki nafasi ni pale gurudumu lisipoingia: majengo ya zamani ambamo mfereji wa kutoa na wa kuingiza uko pande mbili tofauti za jengo, na kumbi zinazojaa watu 800 kwa saa mbili kisha zikakaa tupu. Ukumbi wa namna hiyo unaweza kunasa wakati wa umati na kutapisha usiku, umeme ukiwa wa ziada.

---

Spana Kumi na Tatu:

Kwa ukumbi sawa. Ila kihisi usikiongoze kwa hewa ukaa tena. Weka cha mivuke na cha unyevu, na hesabu watu mlangoni. Kile cha hewa ukaa kihamishie nyuma ya chujio, kikuambie tu limejaa lini.